Golikipa mwenye namba 3: timu ya Visiwa vya Komoro na watu wake waliotawanyika

Ndugu zetu, tarehe 24 Januari 2022, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, beki wa kushoto anayeitwa Chaker Alhadhur aliingia uwanjani amevaa jezi ya golikipa. Namba yake 3 ilikuwa imebandikwa kwa tepu. Visiwa vya Komoro walikuwa wanacheza na wenyeji Kameruni katika mtoano wa Kombe la Afrika, CAN kama tunavyosema hapa Bujumbura. Makipa wote watatu hawakuwepo. Salim Ben Boina alikuwa ameumia, na Ali Ahamada na Moyadh Ousseni walikuwa wamepimwa wakakutwa na Covid. Halafu dakika ya 7 tu nahodha Nadjim Abdou akapewa kadi nyekundu. Wachezaji kumi, na golini beki! Nani hakusema itakuwa saba bila? Mechi ikaisha 2-1. Lile goli moja la Komoro, mpira wa adhabu aliopiga Youssouf M'Changama kutoka mbali sana, mpaka leo watu wanatumiana kwenye simu.

(Usiku huohuo watu 8 walikufa wakikanyagana nje ya uwanja. Wanaosimulia mechi ile mara nyingi wanawasahau.)

Wengi wetu tunaijua hadithi mpaka hapo. Sisi tunataka kuandika yaliyo nyuma yake, maana kuna swali moja ambalo kila mkimbizi ameshaulizwa, na timu hii imelijibu kwa namna yake: wewe ni wa wapi?

Angalia walikozaliwa. Alhadhur alizaliwa Nantes. M'Changama Marseille. Nadjim Abdou alizaliwa Martigues, karibu na Marseille, akacheza miaka mingi Millwall, Uingereza. Hata kocha wao, Amir Abdou, ni mtoto wa Marseille. Kwa hiyo timu ya visiwa vya Bahari ya Hindi, nchi isiyofika watu milioni moja, ilitoka kwa sehemu kubwa Ufaransa. Wako waliocheka: eti hii ni Ufaransa ya pili. Lakini kabla ya kucheka inabidi uulize watu hawa walifikaje huko.

Wangazija ni watu wa bahari. Wametembea Zanzibar, Mombasa, Madagaska tangu zamani, na lugha yao ni ndugu ya Kiswahili hiki tunachokiandika. Wakati wa ukoloni wa Kifaransa wengine walifanya kazi melini, wakashukia Marseille, wakabaki. Uhuru ulipokuja tarehe 6 Julai 1975 haukukaa hata mwezi mmoja bila mapinduzi. Na hapa wazee wetu kutoka Kongo watashtuka: mmoja wa waliopindua na kupindua tena pale Komoro ni Bob Denard, yule yule mamluki Mfaransa aliyepigana Katanga miaka ya 1960. Mwaka 1978 alirudi kwa mashua na watu wake, akampindua Ali Soilih, na zaidi ya miaka kumi yeye ndiye aliyekuwa nguvu nyuma ya kiti cha rais. Nchi ya namna hiyo watu wanaiacha.

Kuna jina lingine mtakalolijua. Desemba 1976, katika mji wa Mahajanga, Madagaska, Wakomoro waliokuwa wakiishi pale kwa vizazi walishambuliwa, na wengi sana waliuawa. Walionusurika walirudishwa Komoro, wengi wao kwa ndege za Sabena, lile shirika la Wabelgiji ambalo wazee wa Bujumbura na Kinshasa wanalikumbuka vizuri. Basi watu hao wakaitwa «Sabena». Wao na watoto wao. Wamerudi «kwao», mahali ambapo wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga, na wakapewa jina la ndege iliyowaleta. Sisi tunaoitwa kwa jina la kambi tuliyopitia au mwaka tuliokimbia, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Halafu Mayotte. Visiwa ni vinne: Ngazija, Anjouan, Mwali na Mayotte. Katika kura ya Desemba 1974 watu wa Mayotte wengi walichagua kubaki na Ufaransa, na Ufaransa ikakibakisha kisiwa hicho, ingawa Komoro na Umoja wa Mataifa walipinga. Kwa miaka mingi watu waliendelea kuvuka kwenda kuona ndugu, kuoa, kuzika, kufanya biashara. Januari 1995 Ufaransa ikaweka viza. Kutoka Anjouan hadi Mayotte ni kama kilomita 70, yaani Bujumbura hadi Rumonge hivi. Tangu siku hiyo watu wanavuka usiku kwa mashua ndogo, na maelfu wamekufa maji. Mashua hizo zinaitwa kwassa-kwassa. Ndiyo, ile ile densi ya Kongo. Watu wanasema ni kwa jinsi zinavyoyumba.

Sasa rudi uwanjani. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Garoua, Komoro walicheza na Ghana, mabingwa wa Afrika mara nne. Dakika ya 4, goli. Aliyefunga ni El Fardou Ben Nabouhane, na yeye alizaliwa Mayotte. Kwa karatasi, ardhi aliyozaliwa ni Ufaransa. Kwa karatasi hizo hizo, jamaa wa Anjouan anayetaka kwenda kumsalimia mama yake anahitaji viza. Yeye amevaa jezi ya Komoro. Ahmed Mogni akaongeza mawili, mechi ikaisha 3-2, Ghana wakarudi nyumbani. Kwetu sisi goli lile la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, kuliko hata ule mpira wa adhabu wa M'Changama.

Haikuwa bahati. Komoro waliingia FIFA mwaka 2005 tu. Amir Abdou alichukua timu mwaka 2014, akiwa mtu asiyejulikana aliyekuwa akifundisha klabu ndogo huko Ufaransa. Sheria inaruhusu mtu kuchezea nchi ya wazazi wake au ya babu na bibi. Kwa hiyo wakatafutwa vijana wa ligi za chini, wa daraja la pili na la tatu, watoto ambao nyumbani walikuwa wanasikia lugha ya visiwa na shuleni Kifaransa. Kazi ilichukua miaka. Walitoka sare 1-1 na Kenya Nairobi, wakawapiga 2-1 Moroni, na tarehe 25 Machi 2021 sare ya 0-0 na Togo ikawapeleka CAN mara ya kwanza katika historia yao.

Hapa tusidanganyane. Vijana wale wengi wana pasipoti ya Ufaransa mfukoni. Walichagua. Sisi wengi hatujachagua kitu, na mchezaji mzuri wa kwetu asiye na karatasi anaishia kwenye mashindano ya mtaa, Buyenzi au Kamenge, hata awe na mguu wa dhahabu. Na kuna malalamiko ya haki: kijana aliyekulia Moroni akicheza kwenye uwanja wa vumbi anapata nafasi chache mbele ya yule aliyelelewa kwenye chuo cha mpira Ufaransa. Hilo halijatatuliwa.

Lakini nyinyi dada na kaka mnaofanya kazi kwenye mashirika, mnajua ile fomu yenye mstari mmoja tu: «nchi ya asili». Mstari mmoja. Tunajiuliza Ben Nabouhane angeandika nini pale, au mtoto wa Sabena, au mdogo wetu aliyezaliwa hapa kwa mama wa Uvira na baba wa Kalemie.

Jina la timu yao ni samaki, silakanti. Wanasayansi waliamini samaki huyo alikufa kabisa zamani za dinosauri, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Anjouan mwaka 1952. Kumbe wavuvi wa huko walikuwa wanamjua siku zote, wakimwita gombessa.

Na hawakuishia 2022. Oktoba 2024 walikwenda Tunisia wakashinda 1-0, wakamaliza wa kwanza katika kundi lao, mbele ya Tunisia na Gambia, na mbele ya Madagaska, wale waliotufunga hapa Burundi kule Misri 2019. Goli la Tunis lilifungwa na kijana anayeitwa Rafiki Saïd.