Maneno ya Pembeni mwa Mchoro

Mwaka 1984, nikifundisha ufundi katika chuo cha ualimu, nilichora dawati la shule yetu ya mazoezi. Pembeni mwa mchoro niliandika: mbao ya mninga, unene milimita 25. Mninga ukakosekana, tukapata mbao laini. Nikasahihisha maelezo kwenye karatasi yangu, unene ukawa milimita 38. Nakala iliyokwisha kwenda karakana sikuikumbuka. Fundi alifuata alichoandikiwa, na kabla muhula haujaisha madawati kadhaa yalikuwa yamevunjika miguu. Alilaumiwa yeye. Mimi nilinyamaza.

Kosa la namna hiyo ni la zamani kama uchoraji wenyewe. Maelezo huandikwa na mkono mmoja, kitu hutengenezwa na mwingine, na kati yao hamna kamba. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha programu yake iitwayo Sketchpad. Alichora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga, na alipobadili umbo la asili, nakala zake zote katika mchoro zilibadilika pia. Mwaka 1988 ikatoka Pro/ENGINEER, ambamo ukibadili kipimo cha kipande, mchoro wake nao hubadilika. SolidWorks ikafuata mwaka 1995.

Lakini kamba ya mistari si kamba ya maneno. Mchoro unaweza kufuata kipande barabara, huku maelezo ya pembeni, yaliyopigwa chapa kwa mkono, yakiendelea kusema mambo ya mwaka jana.

Mjukuu wangu anasomea uhandisi, naye ndiye aliyenionyesha dawa yake katika SolidWorks. Kila kipande kina orodha ya sifa ambazo mchoraji hujiwekea mwenyewe. Aliweka sifa mbili, Mbao na Unene. Kisha kwenye maelezo ya mchoro hakuandika jina la mti, bali aliandika $PRPSHEET:"Mbao", na papo hapo pakasomeka mninga. Akairudia orodha, akabadili mninga kuwa msonobari. Tuliporudi kwenye mchoro maelezo yalikwisha kugeuka. (Ukiandika $PRP tupu, huisomi sifa ya kipande, unasoma ya mchoro wenyewe. Hapo, aliniambia, wanafunzi wengi hupotea.) Na mtu akifuta alama ile akaandika neno lake mwenyewe, kamba imekatika, wala kwa macho huwezi kujua.

Nilimwuliza: "Na karatasi iliyokwisha kuchapwa, ikapelekwa karakana?"

"Hiyo, Babu, lazima uifuate mwenyewe."

Nikamsimulia habari za madawati, na kwa mara ya kwanza nikamtaja aliyekosa.