Neno la Nikea na Maana Yake

Mwalimu afundishaye Imani ya Nikea hufika penye neno lisemalo ya kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba, na mara nyingi wanafunzi hulikariri pasipo kujua lilikotoka. Twapenda kueleza habari za neno hilo, maana zina fundisho kwa kila ashughulikaye na lugha katika Kanisa.

Mabishano yalianza Aleksandria katika nchi ya Misri, yapata mwaka 318. Kasisi mmoja, jina lake Ario, alifundisha ya kuwa Mwana ni mkuu kupita viumbe vyote, lakini naye aliumbwa, wala hakuwapo tangu milele. Ario hakukusudia kumdharau Mwokozi. Alitaka kuulinda umoja wa Mungu. Akayatia mafundisho yake katika nyimbo, yakaenea. Lakini askofu wake, Aleksanda, aliiona hatari: ikiwa Mwokozi ni kiumbe, basi wamwabuduo huabudu kiumbe, na wokovu wetu haukutoka kwa Mungu mwenyewe.

Kaisari Konstantino kwanza alidhani kwamba ni ubishi wa maneno matupu. Alipoona haukomi, aliwaita maaskofu huko Nikea mwaka 325, mji uitwao leo Iznik katika nchi ya Uturuki. Mapokeo husema walikuwa 318. Eusebio, aliyekuwapo, asema walizidi 250. Wengi walipenda kutumia maneno ya Maandiko tu. Lakini kila neno lililotolewa, wafuasi wa Ario waliweza kulikubali kwa maana yao wenyewe. Wakisikia ya kuwa Mwana ametoka kwa Mungu, walijibu kwamba vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Ndipo likachaguliwa neno la Kiyunani homoousios, yaani wa asili moja, ambalo Ario hakuweza kulitamka.

Neno hilo halikuwapo katika Maandiko, na yasemekana maaskofu waliokutana Antiokia mwaka 268 walikuwa wamelikataa. Tena maana yake ilikuwa na utata. Wengine walisikia kana kwamba Mungu amegawanyika vipande, kama fedha mbili zilizofuliwa kwa madini moja. Wengine walisikia kwamba Baba na Mwana ni mmoja tu mwenye majina mawili. Ario na maaskofu wawili wa Libya walihamishwa, lakini hofu ya wale waliobaki haikuhamishwa pamoja nao.

Kwa hiyo vita vya maneno viliendelea zaidi ya miaka 50. Walitokea waliosema homoiousios, yaani wa asili iliyo kama ya Baba. Tofauti ni herufi moja tu. Athanasio, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu mwaka 328, alifukuzwa mara tano, akakaa uhamishoni yapata miaka 17 kwa jumla. Habari hizi zilifika hata pande zetu za Afrika: Athanasio alimweka Frumensio kuwa askofu wa Aksum katika Uhabeshi, na yapata mwaka 356 Kaisari Konstansio aliwaandikia watawala wa Aksum, Ezana na nduguye, akitaka Frumensio arudishwe Misri ili imani yake ichunguzwe.

Lakini jambo tulistaajabialo zaidi ni lile la mwaka 362. Athanasio, aliyeteswa kwa ajili ya neno moja, alikusanya maaskofu wachache huko Aleksandria. Mbele yao walikuwapo watu waliotumia maneno yaliyoonekana kupingana juu ya Utatu. Hawakuwahukumu kwa sauti ya maneno, bali waliwauliza kila upande: Mwakusudia nini? Majibu yakaonyesha kwamba nia yao ni moja, wakapatana. Mwaka 381 Baraza la Konstantinopoli liliithibitisha imani ya Nikea. Na njia hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa subira pia, si kwa ukali peke yake.

Na sisi tuna utata wetu. Katika Kiswahili, asili ni tabia ya kitu, na ni chanzo chake vile vile. Twasema watu wawili ni wa asili moja, maana yake wametoka katika ukoo mmoja. Mwanafunzi asikiaye hivyo aweza kudhani kwamba Baba na Mwana ni kama ndugu wawili, au kwamba kuna chanzo kilichowatangulia wote wawili. Ni hofu ile ile ya Wayunani, nayo yarudi katika lugha nyingine.

Basi hatushauri kulitupa neno, maana kila neno la wanadamu lina upungufu wake. Twashauri tu kwamba mwanafunzi akiisha kulikariri, mwalimu amwulize amesikia nini. Akijibu vibaya, asikemewe upesi. Maaskofu wenyewe walihitaji miaka 37 kabla ya kuulizana vema.