Hadithi ya Bibi na Shahada ya Udaktari

Bibi asimuliapo jioni, wajukuu humzunguka wakamsikiliza kwa makini. Lakini ni nadra mtu kuyaita maneno yake elimu. Kwa mazoea tuliyorithi shuleni, elimu ni ile iliyoandikwa vitabuni na kutahiniwa darasani, na hadithi ni burudani ya watoto kabla ya kulala. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za Margaret Walker, mwanamke mweusi wa Marekani, aliyeichukua hadithi ya bibi yake akaifikisha chuo kikuu, na chuo hicho kikamtunukia shahada ya udaktari kwa ajili yake. Habari zake zatugusa sisi pia, kwani swali alilolijibu ni swali letu: je, kazi ya sanaa yaweza kuhesabiwa kuwa elimu sawa na utafiti wa mwanahistoria?

Margaret Walker alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji aliyezaliwa Jamaica, na mama yake alikuwa mwalimu wa muziki. Nyumbani mwao aliishi pia bibi mzaa mama, Elvira Ware Dozier, na huyo ndiye aliyemsimulia mjukuu wake maisha ya mama yake mwenyewe, aliyezaliwa mtumwa katika jimbo la Georgia. Usiku ulipokuwa mwingi na mtoto hajalala, wazazi walilalamika kwamba anajazwa hekaya kichwani. Bibi alishikilia kwamba hizo si hekaya bali ni kweli tupu. Mtoto akaweka ahadi: atakapokuwa mkubwa, ataiandika hadithi ile.

Ahadi hiyo ilichukua miaka zaidi ya 30 kutimizwa. Walker alianza kuandika mwaka 1934, akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago. Baada ya kurasa nyingi aliiweka kazi kando, kwa kuwa alitambua kwamba hajui ya kutosha. Alikuwa na hadithi, lakini hakuwa na ujuzi wa zama zenyewe: watumwa walikula nini, walivaa nini, waliponywa kwa miti gani, na sheria za mabwana zilisemaje juu yao.

Hapa yatubidi tueleze kidogo habari za chuo kilichompokea baadaye. Chuo Kikuu cha Iowa kimo katika jimbo la wakulima wa mahindi, mbali na miji mikuu ya uchapaji wa vitabu. Mwaka 1922, Carl Seashore, mkuu wa masomo ya shahada za juu chuoni hapo, alitangaza kwamba kazi za ubunifu zingeweza kupokewa kuwa tasnifu. Maana yake ni kwamba mwanafunzi angeweza kutoa diwani ya mashairi, mchezo wa kuigiza au muziki alioutunga, mahali pa utafiti wa kawaida. Mwaka 1936 ikaanzishwa Karakana ya Waandishi chini ya uongozi wa Wilbur Schramm. Jina hilo lina maana. Katika karakana fundi haelezwi tu habari za meza. Huitengeneza, na mafundi wenzake huikagua miguu kama imesimama sawa. Ndivyo ilivyokuwa kwa waandishi wale: kila mmoja alileta kazi yake, wenzake wakaisoma, na mwalimu akaongoza uhakiki.

Walker alifika Iowa mara ya kwanza mwaka 1939. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili, iliyokamilika mwaka 1940, ilikuwa diwani ya mashairi iitwayo For My People. Diwani hiyo ilipata tuzo ya washairi chipukizi ya Chuo Kikuu cha Yale, ikachapishwa mwaka 1942. Baadaye aliolewa, akazaa watoto 4, na kuanzia mwaka 1949 alifundisha katika chuo cha watu weusi mjini Jackson, jimbo la Mississippi. Aliandika kwa nadra sana katika miaka hiyo, kwani ualimu na ulezi vilimaliza siku. Hata hivyo hakuacha kutafuta. Alisoma maandishi ya watumwa waliojikomboa, vitabu vya vita, na kumbukumbu za serikali, hata akaenda Georgia kufuata nyayo za jamaa zake.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 47, alirudi Iowa kusomea udaktari. Wakati aliouchagua haukuwa wa amani. Mwaka huo huo, katika jimbo alikotoka, kijana mweusi James Meredith alipoandikishwa katika Chuo Kikuu cha Mississippi, zilitokea ghasia, watu 2 wakauawa, na majeshi yakaitwa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963, mpigania haki Medgar Evers alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson, katika mtaa ule ule ilimokuwa nyumba ya Walker. Basi tusidhani kwamba mama huyu alikwenda kutafuta cheti cha kupamba ukuta. Alikuwa akiandika juu ya utumwa ilhali matunda machungu ya utumwa yanavunwa mlangoni pake.

Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1965, ikachapishwa mwaka 1966 kwa jina la Jubilee, yaani mwaka wa watumwa kuachwa huru. Mhusika mkuu ni Vyry, binti wa mtumwa na bwana mwenye shamba. Tunamfuata tangu mama yake anapofariki, katika kazi ya upishi kwenye nyumba ya bwana, katika vita vya mwaka 1861 hadi 1865, na katika miaka migumu iliyofuata, ambapo watu walioitwa huru walichomewa nyumba na kufukuzwa. Sura zake zimetanguliwa na maneno ya nyimbo na misemo, mengi yakiwa ya watu weusi wenyewe. Miaka 30 kabla yake, mwaka 1936, Margaret Mitchell alichapisha Gone with the Wind, riwaya mashuhuri juu ya Georgia hiyo hiyo katika vita hivyo hivyo. Lakini Mitchell aliitazama dunia ile kutoka sebuleni kwa mabwana. Walker aliitazama kutoka jikoni.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Mwanahistoria hutegemea hati, na hati za utumwa ziliandikwa na wenye watumwa. Humo mtu huonekana kama bei na idadi, baina ya ng'ombe na majembe. Yale aliyoyawaza mpishi alipowasha moto alfajiri hayamo katika daftari lolote. Yalibaki katika kinywa cha binti yake, kisha katika sikio la kitukuu wake. Riwaya iliweza kuyatunza yale ambayo hati iliyaacha. Lakini kumbukumbu peke yake haikutosha pia, na ndiyo maana Walker aliipima kwa hati muda mrefu. Shahada yake ilisimama juu ya mambo mawili yaliyoshikamana: uaminifu kwa msimuliaji na nidhamu ya mtafiti.

Wako watakaouliza kama sanaa yaweza kutahiniwa. Swali hili ni la haki. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, na Muyaka wa Mombasa hakupata kuona chuo kikuu. Hakuna cheti kinachomzaa mshairi. Walakini tusisahau kwamba washairi wetu wa kale hawakukosa watahini. Vina na mizani vilikaguliwa, na aliyetunga vibaya alijibiwa hadharani. Sanaa imekuwa na karakana zake tangu zamani. Lililokuwa jipya Iowa ni chuo kikuu kukubali kuwa mojawapo ya karakana hizo.

Njia hiyo iligusa Afrika Mashariki pia. Taban lo Liyong, mwandishi aliyekulia Uganda, alihitimu katika Karakana ya Iowa mwaka 1968. Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, yeye pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wa kutaka fasihi ya Afrika iwe kitovu cha masomo, na fasihi simulizi ifundishwe kama elimu kamili. Kwa upande wa Kiswahili, Euphrase Kezilahabi, aliyechapisha Rosa Mistika mwaka 1971, alipata udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Lakini tasnifu yake ilikuwa ya falsafa na ufasiri wa fasihi. Riwaya zake zilisimama upande mmoja na shahada yake upande mwingine. Kwa Walker, riwaya ndiyo iliyokuwa tasnifu.

Margaret Walker alifariki mwaka 1998, na mtaa aliokaa mjini Jackson umepewa jina lake. Walimu na wanafunzi watakaosoma habari hizi wasiishie kumsifu. Kila kijiji chetu kina wazee waliobeba habari ambazo hazimo katika hati za ukoloni: za njaa, za kodi, za mashamba ya mkonge na kazi za kulazimishwa. Mwanafunzi atakayekaa chini akawasikiliza, kisha akayapima aliyoyasikia, kisha akayaandika kwa ufundi, atakuwa ameanza elimu ya juu kabla hajafika chuo kikuu. Ila asingoje miaka 30, kwani wazee hawatamngoja.