Shakwe wa Majira ya Baridi: Historia ya Ushahidi wa Ndege Asiyetambulika

Katika elimu ya ndege ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ni makundi machache yaliyowasumbua watambuzi kwa muda mrefu kama shakwe wakubwa, yaani wale ndege wa pwani wenye vichwa vyeupe na migongo ya kijivu au myeusi, ambao baridi inapoingia huyaacha majabali wanakozalia na kujazana bandarini, kwenye mabwawa ya maji ya miji na kwenye madampo ya taka. Historia ya kuwatambua ndege hawa, kwa sehemu kubwa, ni historia ya ushahidi: nani aaminiwe, kwa kigezo gani, na kitu gani kiwekwe mezani kabla jina halijaandikwa kitabuni.

Chanzo cha ugumu wenyewe kimo katika mwili wa ndege. Shakwe mkubwa huchukua takriban miaka minne kufikia utu uzima, na katika muda huo wote hubadilisha manyoya mara kwa mara, akianza na rangi ya kahawia yenye madoa na mdomo mweusi, kisha kijivu kikichomoza mgongoni kidogo kidogo, mpaka mtu asiyewazoea adhani kwamba ndege wa mwaka wa kwanza na ndege wa mwaka wa nne ni wa aina mbili tofauti. Hata ndege aliyekomaa hupata michirizi ya kahawia kichwani majira ya baridi, wakati manyoya ya kinda huwa yamekwisha kufifishwa na jua na chumvi hadi kuonekana meupe kuliko yalivyo. Dume ni mkubwa kuliko jike, spishi zinazokaribiana huzaliana na kutoa machotara, na jua la Januari katika nchi za kaskazini, kwa kuwa hukaa chini karibu na upeo wa macho huku theluji ikirudisha mwanga kutoka chini, huweza kumfanya ndege yuleyule aonekane wa kijivu cha majivu asubuhi na wa kijivu cha risasi jioni.

Katika karne ya 19 tatizo hilo lilimalizwa kwa bunduki. Ndege aliyetiliwa shaka alipigwa risasi, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba na kufungiwa kibandiko chenye tarehe na mahali, na ngozi hiyo, iliyoitwa kielelezo, ndiyo iliyokuwa hoja ya mwisho, kwani mtu aliyedai kuona ndege adimu bila kuwa na mwili wake mkononi hakusikilizwa. Kazi kubwa zaidi iliyozaliwa na utaratibu huo ni ile ya Jonathan Dwight, daktari wa Marekani aliyegeukia elimu ya ndege, ambaye mwaka 1925 alichapisha uchunguzi wa shakwe wote wa dunia, akieleza manyoya yao umri kwa umri. Dwight alifanya kazi yake juu ya ngozi zilizopangwa kwenye droo, lakini droo haina ukungu wala upepo, na shakwe aliyelala chali hamwonyeshi mtu jinsi bawa lake linavyoonekana likipita juu ya bahari.

Ushahidi wa bunduki nao haukuwa safi kama wakusanyaji walivyoamini. Mwaka 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba mamia ya rekodi za ndege adimu kutoka eneo la Hastings, kusini mwa Uingereza, zilizokusanywa kati ya 1892 na 1930 na nyingi kati yake kupitia karakana ya mtu mmoja aliyekuwa akijaza ngozi za ndege, hazikustahili kuaminiwa. Ndege walikuwa wa kweli. Kilichotiliwa shaka ni kama kweli waliuawa mahali palipotajwa. Kwa hiyo kielelezo kilithibitisha spishi bila kuthibitisha safari, na safari ndiyo hasa inayotafutwa na mtu anayeandika rekodi ya ndege mgeni.

Kufikia wakati huo bunduki ilikuwa imekwisha kuwekwa chini kwa sababu nyingine. Uingereza ilipitisha sheria ya kuwahifadhi ndege wa bahari mwaka 1869, Marekani ikafuata kwa sheria ya ndege wahamao mwaka 1918, na zote mbili zilitungwa baada ya shakwe na jamaa zao kuchinjwa kwa wingi, wengine kwa mchezo na wengine ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1900 Frank Chapman wa New York aliwaalika wapenzi wa ndege kuhesabu badala ya kuwinda, na hesabu hiyo, ambayo inaendelea hadi leo, iliwapeleka watu ufukweni katika majira yaleyale ambapo shakwe huwachanganya zaidi. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Ludlow Griscom, aliwafundisha vijana wa New York na baadaye wa Massachusetts kwamba ndege anaweza kutambuliwa kwa darubini pekee, na mwanafunzi wa njia hiyo, Roger Tory Peterson, aliitia katika kitabu chake cha mwaka 1934, ambamo vistari vidogo vilielekezwa kwenye alama chache za kila ndege. Njia hiyo iliwafaa bata kuliko ilivyowafaa shakwe wachanga, ambao hawana alama moja ya kuelekezewa kistari.

Nchini Uingereza pengo la bunduki lilizibwa kwa karatasi. Kamati ya ndege adimu iliyoundwa mwaka 1959 ilianza kudai maelezo ya maandishi: umbali, mwanga, rangi ya miguu, umbo la mdomo, mpangilio wa weusi na weupe kwenye ncha za mabawa, pamoja na spishi ambazo mtazamaji alizifikiria na kuzikataa. Faida ya utaratibu huo ilionekana Machi 1973, pale shakwe wa Amerika aitwaye Larus delawarensis, mwenye pete nyeusi karibu na ncha ya mdomo, alipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini humo, katika ufukwe wa Blackpill huko Swansea. Ndege huyo anafanana sana na Larus canus, shakwe wa kawaida wa Ulaya, ila akikomaa ana jicho la rangi hafifu mahali ambapo mwenzake ana jicho jeusi, na mgongo wake ni mweupe kidogo zaidi. Baada ya Blackpill rekodi ziliongezeka haraka mno, na ni vigumu kuamini kwamba ongezeko lote hilo lilikuwa la ndege. Kwa kiasi fulani yalikuwa ni macho yaliyokwisha kujua yatafute nini.

Aliyeyafundisha macho hayo kuliko wengine ni Peter Grant, ambaye kati ya 1978 na 1982 alichapisha mfululizo wa makala kuhusu shakwe, kisha akazikusanya katika kitabu cha mwaka 1982 na kukipanua mwaka 1986. Mchango wake mkuu ulikuwa kuwalazimisha watazamaji waulize umri wa ndege kabla ya kuuliza spishi yake, kwa kuwa alama inayofaa kwa ndege wa majira ya baridi ya kwanza huweza kupotosha kabisa kwa ndege wa majira ya baridi ya pili. Baadaye waandishi walileta hata ngazi za kijivu, yaani kadi za wapiga picha zenye vivuli vilivyopewa namba, ili mgongo wa ndege upimwe badala ya kukisiwa, ingawa kadi hizo hufaa zaidi kwa ngozi ya makumbusho kuliko kwa ndege aliye ng'ambo ya bwawa.

Hakuna kisa kinachoonyesha mipaka ya juhudi hizi vizuri kama cha shakwe wa Thayer. Alielezwa mwaka 1915 kama spishi kamili, kwa ndege aliyetoka kisiwa cha Ellesmere katika Aktiki ya Kanada, na miaka miwili baadaye Dwight akamshusha kuwa nususpishi, yaani tawi tu ndani ya spishi, akimweka chini ya shakwe mwingine mkubwa, Larus argentatus. Katika miaka ya 1960 Neal Smith alifanya utafiti kwenye kisiwa cha Baffin, akipaka rangi pete ya ngozi inayozunguka macho ya shakwe, na akadai kwamba rangi hiyo ndiyo inayowazuia ndege wa aina moja kuoana na wa nyingine. Kwa kutegemea sana kazi hiyo, iliyochapishwa mwaka 1966, wataalamu wa Marekani walimpandisha tena shakwe wa Thayer kuwa spishi mwaka 1973.

Hapo ndipo taabu ya majira ya baridi ilipoanza. Kwenye ukingo mmoja yupo shakwe wa Iceland, ambaye licha ya jina lake huzaliana Greenland na kufika Iceland wakati wa baridi tu, mwenye ncha za mabawa nyeupe. Kwenye ukingo wa pili yupo shakwe wa Thayer, mwenye ncha nyeusi kwa juu na za rangi ya fedha kwa chini. Na katikati yupo shakwe wa Kumlien, ambaye ncha zake huwa na kila kivuli cha kijivu kati ya hizo mbili. Watazamaji walijadiliana juu ya picha za ndege mmojammoja kwa miongo, wakipima upana wa michirizi kwenye manyoya ya nje ya bawa, huku utafiti wa Smith wenyewe ukishambuliwa kuanzia miaka ya 1980 na watafiti waliotilia shaka mbinu na matokeo yake. Mwaka 2017 wote watatu waliwekwa pamoja katika spishi moja. Waliokuwa wameandika tu kwamba ndege hakutambulika kwa uhakika walikuwa wameandika rekodi iliyodumu kuliko za wengi waliokata shauri.

Tatizo hili halikuishia kaskazini. Shakwe aitwaye Larus fuscus wa Finland hufika Ziwa Viktoria, na msimu wa kaskazi kwenye mwambao wa Kenya, hasa mlangoni mwa mto Sabaki karibu na Malindi, hukusanyika shakwe wa Heuglin, wanaozaliana kaskazini mwa Urusi, pamoja na shakwe wa Hemprich kutoka upande wa Uarabuni. Fuscus na Heuglin wanafanana kiasi kwamba hata uhusiano wao umekuwa ukibishaniwa: kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba shakwe hawa wa kaskazini ni mnyororo mmoja unaoizunguka dunia na kukutana mwishoni, mpaka uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2004 ulipoonyesha kwamba mnyororo huo haukuwa kama ulivyodhaniwa. Kwa anayeandika rekodi kwenye mwambao huo, jina la jenasi peke yake, likifuatwa na umri wa ndege, rangi ya mgongo na picha ya bawa lililokunjuliwa, lina thamani kubwa kuliko jina kamili lisilo na kitu nyuma yake.