Kutoka Njia Panda hadi Wodini

Kiswahili hakina kitenzi cha kumshitaki aliyejitoa uhai. Twasema kajiua: mzizi -ua na kiambishi -ji- cha kujirejea, mtenda na mtendwa wakiwa mtu mmoja. Kiingereza kilichozoeleka hutanguliza hapo kitenzi kilekile kitumikacho kwa mauaji na uzinzi. Nilipokuwa nikifundisha tafsiri kidato cha tano, wanafunzi walikiacha kitenzi hicho bila kuulizana, kwa kuwa sentensi ya Kiswahili haikuwa na mahali pa kukiweka. Sheria zetu, hata hivyo, zilikipa mahali.

Tusijidanganye kwamba hofu ya kifo hiki ililetwa na meli. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911, aliandika kwamba Waganda waliichoma maiti ya aliyejiua njia panda, na wapitao wakatupa nyasi au vijiti mahali hapo ili mzimu usiwaingie. Uingereza nako, hadi sheria ya mwaka 1823, aliyejiua aliweza kuzikwa njia panda, mwili ukapigiliwa kigingi. Watu wasiojuana, wametenganishwa na bahari, waliuogopa mzimu mmoja.

Tofauti ni kwamba Waingereza walikwenda mbali zaidi: walikifanya kifo hicho kuwa jinai, na hadi mwaka 1870 mali ya marehemu iliweza kutwaliwa na Ufalme. Wajumbe wa baraza la uchunguzi walizoea kutamka kwamba marehemu alikuwa na wazimu, ili mjane na yatima wasifukarishwe. Kabla daktari hajaingia, huruma ilijisitiri ndani ya neno wazimu. Daktari alifuata: mwaka 1838 Esquirol wa Ufaransa alikihusisha kitendo hicho na maradhi ya akili. Mwaka 1897 mwananchi mwenzake, Durkheim, akatutaka tuitazame pia jamii inayomzunguka mtu.

Fikra hizo za tiba hazikuandamana na sheria iliyotufikia. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanganyika, zilizotungwa mwaka 1930 chini ya Mwingereza, zililihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Na tiba yenyewe ilitufikia ikiwa na upofu wake. Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba sonona ni nadra kwa Mwafrika, akamdhania upungufu wa ubongo. Basi Mwafrika aliyetaka kufa alikosa pande zote mbili: sheria ilimwona mhalifu, tabibu hakumwona mgonjwa.

Mwezi Agosti 1961 Bunge la Uingereza lilifuta kosa hilo nyumbani kwao. Miezi minne baadaye Tanganyika ilipata uhuru, ikabaki na kifungu ambacho mwenye nacho alikwisha kukitupa.

Madhara yake tumeyaona majumbani. Aliyenusurika huletwa hospitali, jamaa wakasema ni ajali, au amekula kitu kibaya. Hawasemi uongo kwa upotofu, wanaogopa polisi. Lakini daktari aliyeambiwa ajali hutibu ajali, na mgonjwa hurudi nyumbani na mzigo uleule. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa sheria ndiyo iliyomlazimisha kuficha.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 226, kilichoruhusu kifungo cha hadi miaka 2, kinapingana na Katiba. Miongoni mwa walioleta shauri walikuwamo madaktari wa magonjwa ya akili, kupitia chama chao. Tanzania bado tuna kifungu cha 217.

Wapo wanaohofu kwamba kukifuta ni kutangaza haki ya kufa. Hayo ni mambo mawili. Mjadala wa haki ya kufa, ambao Uholanzi iliutungia sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002, unahusu mgonjwa mwenye mateso yasiyo na matumaini anayeomba msaada wa daktari. Uingereza ya 1961 ilimwondolea kosa aliyejaribu, lakini kumsaidia mtu ajiue ikakiacha kuwa jinai ya hadi miaka 14. Kumfungua mtu pingu si kumfungulia kaburi.

Nasi watu wa lugha tuna sehemu yetu. Sonona, neno letu la huzuni ya ndani, leo linatumika hospitalini kama jina la ugonjwa unaotibika. Tulitumie bila kunong'ona. Tuache kuandika kwamba mtu kajiua kwa sababu ya mapenzi au deni, kana kwamba uhai hukatwa na jambo moja. Na tukimwona mwenzetu amezama, tumwulize waziwazi kama anawaza kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo; humpa mtu wa kumwambia. Kisha tumsindikize kwa daktari, tusimwache aende peke yake.