Bima, Kaya na Talaka: Matibabu ya Mwanamke Aliyeachika Tanzania

Mwanamke wa Tanzania aliyeolewa na mtumishi wa umma au mwajiriwa wa kampuni mara nyingi hutibiwa kwa kadi yenye jina na picha yake, ila mchango unaoibeba ni wa mumewe. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, hupokea asilimia 6 ya mshahara, nusu ikikatwa kwa mwajiriwa na nusu ikitoka kwa mwajiri. Mchango huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4. Mke yumo kwa sababu ya ndoa tu. Talaka ikishatoka na mume akabadilisha taarifa zake, kadi haifanyi kazi tena, na wapo wanaolijua hilo siku wanapougua.

Watoto ni habari nyingine. Wao ni wategemezi wa baba yao, wakae kwa baba, kwa mama au kwa bibi, na talaka haiwaondoi. Mama anayelipa taslimu matibabu ya mtoto ilhali baba ana bima anabeba mzigo usio wake peke yake. Kadi za watoto ziwafuate watoto walipo.

Sheria nazo hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume ampe mkewe malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Matibabu hayakutajwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inayataja wazi pamoja na chanjo. Kwa hiyo dai la matibabu ya mtoto lina nguvu kuliko la mama yake. Hata hivyo mama hana mikono mitupu: kifungu cha 115 cha Sheria ya Ndoa kinairuhusu mahakama kuamuru mwanamume amtunze aliyekuwa mkewe hata baada ya talaka, pakiwa na sababu maalumu. Kwa maoni yangu, kisukari, shinikizo la damu au madhara ya uzazi yaliyompata akiwa ndani ya ndoa ni sababu ya kuwekwa mbele ya hakimu, ikiambatana na karatasi za hospitali. Akiolewa tena, haki hiyo hukoma.

Kwa Waislamu, mume huendelea kumtunza mtalaka wa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, katika eda, muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena: vipindi vitatu vya tohara baina ya hedhi, au miezi mitatu kwa asiyepata hedhi. Mjamzito hutunzwa mpaka ajifungue.

Upo pia mgawanyo wa mali. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, lakini waliomfuata wameneemeka na hukumu hiyo, na fungu la mali laweza kulipia bima ya miaka kadhaa.

Penye nafuu kubwa zaidi ni pale panaposahaulika. Uchangiaji wa gharama ulipoletwa katika hospitali za umma mwaka 1993, yaliachwa makundi yasiyolipa: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wenye kifua kikuu na ukoma. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo nao wana msamaha. Dawa za kufubaza VVU ni bure. Uzazi wa mpango ni bure pia, iwe vidonge, sindano, vijiti au kitanzi, na hapo haulizwi mtu cheti cha ndoa. Vilevile uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake nchini, hufanywa bila malipo katika vituo vingi vya umma. Muuguzi hupaka asidi ya siki na kuangalia mabadiliko ya rangi, na majibu hutoka papo hapo. Wanawake wengi huacha kliniki wanapoachika, kana kwamba kliniki ni ya wenye waume. Kweli, bure ya kwenye karatasi huweza kuishia duka la dawa la nje, stoo ya kituo ikiwa tupu. Bado ni afadhali kuliko kulipia kila hatua.

Asiyemo katika makundi hayo na hana uwezo huomba msamaha kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mara nyingi akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Aliyerudi kwao aeleze kipato chake mwenyewe, asije akapimwa kwa nyumba ya kaka yake.

Bima ya wasio na ajira rasmi huhesabiwa kwa kaya. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora, mwaka 1996. Ulipoboreshwa na kusambazwa mikoani kuanzia 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haikuiacha hesabu ya kaya, ila imeweka pia utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Kwa hesabu hiyo, mwanamke mwenye mtoto mmoja hulipa sawa na nyumba ya watu 6. Kama wazazi au ndugu wana nafasi katika kaya yao, aulize kwanza kama anaweza kuandikishwa humo. Zanzibar ina mfuko wake wa afya, maana afya si jambo la Muungano.

Mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza la usuluhishi wa ndoa halijashindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache. Muda huo usipotee bure. Dada uliye katika hatua hiyo, kusanya risiti na vyeti vya matibabu, omba gharama za afya zitajwe kwa kiasi cha fedha katika maombi ya matunzo, na fika ofisi ya bima ukiwa bado mzima.