Nani Ataandikwa Ziwani

Sokoni Shianda omena hupimwa kwa gorogoro, na mama akikuzoea anakuongezea kiganja juu. Ziwa lenyewe hulioni kutoka hapa. Unaona miwa, boda na barabara ya Mumias. Lakini Aprili ikifika na serikali kufunga uvuvi wa omena hadi mwisho wa Julai, kukhu hajui tangazo, anajua tu kwamba kile kiganja kimepotea.

Hivyo ndivyo tumelinda Ziwa Victoria siku zote: funga miezi, pima tundu la wavu, pima samaki. Mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Ni mazoea ya zamani. Nyavu za kutega ziliingia Ghuba ya Winam mwaka wa 1905, na miaka ishirini baadaye ngege walikuwa wameanza kuadimika. Mwingereza Michael Graham alilipima ziwa mwaka wa 1927 na 1928, akashauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Ikawa sheria. Ngege wakazidi kupungua, wavuvi wakashusha tundu, na mapema miaka ya 1960 sheria hiyo ilikuwa imeshafutwa.

Cheki kitu kimoja: tumepima wavu, tumepima samaki, lakini hatujawahi kugawana samaki kwa tani.

New Zealand walifanya hivyo mwaka wa 1986. Wataalamu wanakadiria samaki, serikali inataja tani za mwaka, tani zinagawanywa kwa mafungu. Fungu ni mali yako: vua, kodisha, au uza. Kwa samaki, hesabu hii ina akili. Hukimbizani na jirani usiku kucha, kwa sababu chako kimeshaandikwa. Na mwenye fungu la mwaka kesho ana sababu ya kumwacha samaki mdogo leo.

Shida iko kwa yule anayeandikwa kwanza. Mwaka wa 1983, kabla ya kugawa, New Zealand iliwaondoa wavuvi wa muda, watu wa kuvua kidogo na kulima kidogo. Wengi walikuwa Wamaori. Mafungu yalipotoka, wao hawakuwa kwenye daftari. Walienda kortini, na mwaka wa 1992 wakapata nusu ya kampuni ya Sealord na asilimia 20 ya mafungu ya samaki ambao hawakuwa wamegawanywa bado. Iceland iliachia mafungu yauzwe huru kwa sheria ya 1990, na kuna vijiji vilivyobaki na bandari bila fungu.

Sasa lete hesabu hiyo Port Victoria. Mwenye boti ataandikwa. Na vijana wanaovua kwenye boti ya mtu? Na kina mama wanaoanika omena inayofika hapa Shianda? Daftari la kuanzia lipo, kusema kweli: tangu kanuni za 2007, vikundi vya ufuoni, zile BMU, huandikisha wenye boti, wavuvi na wachuuzi pamoja. Siku ya kugawa ikija, mimi ningeanzia hapo, si kwenye risiti za wenye boti.

Lakini hata hilo halinitulizi. Ekari iliyo nyuma ya nyumba yetu ilikodishwa kwa mtu wa miwa ili nilipiwe karo ya chuo. Hakutuibia. Alilipa zote, kukhu akaweka kidole gumba kwenye karatasi, tukanywa chai. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Miwa haikuacha shamba. Sasa kukhu ananunua mahindi kwa gorogoro, na mahindi yalikuwa yanaota pale pale anapoanika nguo, hatua kumi kutoka jikoni.

Kwa hiyo nikisoma kwamba fungu huenda kwa anayeweza kulitumia vizuri zaidi, mimi naona Januari, mwezi wa karo, na mvuvi aliye na karatasi moja tu ya kuuza.

Jumamosi nilimweleza kukhu habari hii yote akichagua mawe kwenye omena. Nikamuuliza, wakikuandikia fungu lako la ziwa, utalifanyia nini?

"Wanalipa pesa ngapi?" akaniuliza.